Kule Hayuko Kule

Mwanangu wa tatu wa kiume tulimwita Kule.
Ndilo jina la wa tatu kwetu Wakonzo,
wala hatukuwaza habari za Kiswahili
mpaka mhasibu wa shule alipofungua daftari
akauliza, "Kule yuko wapi?"
Nikasema, "Yuko hapa."

Siku kumi na tisa tu alilala Fort Portal.
Nilimpeleka na godoro, sanduku la bati,
karatasi rimu mbili, fagio tatu, sukari kilo tano,
karatasi za chooni kumi na mbili,
ungedhani anakwenda kufungua duka.
Nikamrudisha Kasese na godoro.
Sanduku limezuiliwa. Sukari imeshanywewa.

Sababu sikuiandika katika barua.
Niandike nini? Kwamba akisoma kwa sauti
neno humkwama kooni kama mwiba wa ngege?
Kwamba mwalimu alimpandisha juu ya dawati
asishuke hadi litoke,
na darasa zima likamsaidia kwa kucheka?
Niliandika: sababu za kifamilia.
Si uongo. Yeye ndiye familia.

Bwana Kaahwa si mtu mbaya.
Alinivutia kiti, akanifutia vumbi kwa kiganja,
kisha akaitoa fomu yangu ya mwezi wa pili.
Kidole kikateremka, kikateremka,
mpaka pale maandishi yanapokuwa sisimizi:
mzazi atakayemwondoa mwanafunzi
pasipo notisi ya muhula mmoja
atalipa muhula mzima.
"Sahihi hii ni yako, mama?"
Ni yangu. Hata mkia wa herufi ya mwisho naujua.

Laki sita na arobaini elfu.

Usiku nilipiga hesabu mezani
kwa chaki ya kukatia nguo.
Siku sabini na mbili zimebaki.
Uji wa siku sabini na mbili, nani anaunywa?
Haya, na aunywe,
hakosi mtoto asiyeshiba kikombe kimoja.
Lakini kitanda!
Ninalipa kitanda kilale peke yake,
ninalipa kengele alfajiri imwamshe hewa.

Jirani yangu Mbambu akasema, "Usilipe.
Watakufanya nini? Watakuja kuung'oa mlango?"
Yeye hana mtoto mwenye ripoti kabatini mwao.
Na shule ya hapa, ng'ambo ya Nyamwamba,
bila ripoti ile haimpokei.

Nikarudi kwa Bwana Kaahwa na cherehani yangu mdomoni:
nashona, nikamwambia, nipe kazi unikate humo.
Akafikiri. Akapiga simu. Kaptula themanini, za kijivu,
kila moja elfu nane.
Hesabu ilitoka sawasawa mpaka nikaitilia shaka.

Basi wiki sita nimeshona viuno
vya wale wale waliomcheka.
Nimewashonea vizuri.
Mshono mara mbili matakoni, mifuko isiyotoboka,
kwa kuwa kaptula haina kosa,
na mimi jina langu limo katika uzi.
Kule ndiye aliyenitungia sindano,
macho yangu siku hizi hayalioni tundu.

Leo risiti imefika, imekunjwa mara nne
ndani ya ripoti yake.
Akaiokota kabla sijainyosha mkono,
akasimama mlangoni penye mwanga,
na bila kuambiwa na mtu
akaanza kuisoma kwa sauti.

"Imepokelewa kutoka kwa ma... ma... mama Kule,
shilingi la... la..."

Neno likakwama.
Nikaondoa mguu kwenye cherehani, gurudumu likatulia.
Mbambu, aliyekuja kuomba chumvi, akatazama chini.
Tukangoja.
Nimelipia siku sabini na mbili;
zote ninazo hapa, hakuna kengele,
na laki sita na arobaini elfu
ni maneno mengi,
mwanangu, usiharakishe.