Kopo la Kahawa

Mwezi wa nne, Raahe, theluji inatoka jasho,
na Datsun ya baba iko juu ya jeki
kama mgonjwa aliyekubali hatimaye kuvua shati.
Rangi yake ni haradali. Ilikuwa.
Chini ya mlango wa dereva pameota malengelenge,
madogo, karibu ya kupendeza;
ukiyabonyeza yanapasuka
na unga mwekundu unakumwagikia kiganjani.

Ni chumvi. Kila majira ya baridi lori la manispaa
hupita alfajiri likiinyunyiza barabarani kama mpishi mwenye hasira,
nasi hatutelezi, tunafika kazini wazima,
na kikulacho kimo kizingitini mwako.

"Usipake rangi juu ya uongo," alisema baba,
miaka thelathini na moja mbele ya tanuru, akipika chuma,
akirudi nyumbani na nyusi zilizoungua.
Jirani Eevertti alipoziba tundu kwa puti na gazeti
baba hakumsalimu mpaka kiangazi.
"Kata hadi ukute panapong'aa.
Kutu haibembelezwi."

Basi nakata.
Brashi ya waya kwanza, kisha grainda,
cheche zinaruka hadi nje, zinazimika thelujini, tss, tss,
na puti inabanduka vipande vinene kama jibini.

Puti?
Baba, puti ya nani hii?

Nyuma yake riveti nne, zimepigwa kwa pupa,
zimeshika bati jembamba, jekundu,
lenye nusu ya uso wa mwanamke
anayenusa kikombe.

Nakaa juu ya tairi la akiba. Nahesabu.
Makopo yale yalikuwapo jikoni majira ya mgomo.
Nilikuwa na miaka saba na buti mpya,
za buluu, zenye manyoya ndani.
Buti nazikumbuka. Sikumbuki kuuliza zilitoka wapi.
Na bati la kweli lilikuwa kiwandani, rundo juu ya rundo,
nyuma ya lango ambalo wewe mwenyewe
ulisimama kwenye barafu kulizuia mtu asiingie.

Lakini Eevertti, baba. Miezi sita ulimnunia!

Nalitoa kopo. Ajabu, lenyewe halina kutu;
kilichooza ni chuma kizuri kilicholizunguka.
Nakata zaidi, upana wa kidole kupita pale ubaya unapoonekana kuishia,
kwa kuwa hapo hauishii.
Nachomelea bati jipya: nukta, pumzika, nukta,
joto lisije likalikunja.
Dawa ya kutu. Rangi ya msingi, tabaka mbili,
na katikati yake kungoja, ambako ndiko kazi yenyewe.
Msasa wa maji. Haradali niliyochanganyiwa mjini
si ile. Itaonekana. Potelea mbali.

Mwisho napuliza nta ya moto ndani ya kizingiti
kupitia vitundu vya chini, na vitundu sivizibi:
maji yakishaingia yapate pa kutokea.
Hilo nalo alilisema.
Hilo alilitenda.

Alhamisi mkaguzi anapiga magoti,
anagonga kwa nyundo ndogo, sikio karibu na chuma,
ko, ko, mbele hadi nyuma.
Anagonga tena pale pale.
"Hapa palikuwa na nini?"

Mkononi nina kikombe cha mashine yao, kahawa chungu.
"Kopo," namwambia.
Anaandika kitu. Haniulizi zaidi.