Kisogo

Ghala hili la Wete lilikuwa la karafuu.
Madirisha nimeyaziba kwa magunia,
tundu za bati kwa sabuni ya mche,
usipenye mwanga hata wa kumwonesha siafu njia.

Marehemu Mbarouk mpiga picha aliniachia
taa nyekundu, mashine ya kukuzia,
na kopo la maziwa lililojaa filamu
za watu waliolipa nusu, wasirudi.

Karatasi siku hizi haziji. Nikasema: basi, jiwe.
Matumbawe ya nyumba iliyovunjwa Limbani
nayachonga bega, shingo, shavu,
nayapaka ute wa fedha gizani
kama apakaye chapati samli,
kisha nayaangushia sura ya mtu.
Sura haikubali kukaa. Pua huteleza,
jicho huzama katika shimo alimokaa konokono
kabla ya Wete kuitwa Wete.
Sipigani nayo. Kesho yake nashika patasi,
namfuata kivuli kule alikotaka kwenda.

Watu husema kusafisha picha.
Mie naona ni kuichafua, taratibu,
mpaka mtu atokee.

Bi Mgeni alikuja na risiti,
wino wake umegeuka rangi ya chai.
Ya kaka yake, Shaame. Nikampakatisha jiwe.
Akaligeuza. Akaligeuza tena.
"Kisogo hukukitia?"
Picha haina nyuma, bibi.
"Mie nyuma ndiyo niliyoiona.
Alipanda gari alfajiri, hakugeuka."

Nikafunga mlango. Nikaupaka ute
upande ule uliobaki mweupe,
nikawasha taa kubwa, nikahesabu tatu, nikazima.
Chovya mkono kwenye dawa, nikamwambia,
mshike kama ulivyokuwa ukimshika.
"Nilikuwa nikimnyoa," akasema,
"hatulii huyu."
Akakaza.

Vidole vikatoka polepole, vyeusi,
vinne shingoni,
gumba peke yake nyuma ya sikio.

Nilimwosha kwa ndimu na majivu,
harufu haikutoka.
Jiwe hakulichukua; alisema zito,
atakuja na mjukuu.
Risiti ameniachia.
Nimeibana kwenye kamba, pamoja na nyingine,
kama kwamba nayo inakauka.