Msumari wa Kumi na Nane

Agosti inakwisha. Vumbi la Kadutu
limelala juu ya migomba kama unga wa muhogo,
na mlima umefunga mdomo.
Siyo kwa wema. Namjua.

Nimepanda juu ya nyumba na nyundo ya marehemu,
misumari kumi na minane mfukoni,
na vifuniko vya bia nilivyookota tangu Pasaka:
kila msumari nauvika kofia yake
ili mvua isipenye shingoni.
Bati la tatu limeliwa na kutu.
Nalibonyeza, kidole kinapita,
na kupitia tundu naona
mto wa kitanda cha Nsimire, ua lake jekundu.
Naziba kwa lami na kipande cha ndala.

Birindwa aliniachia nyumba imeinama
kama mtu anayesikiliza mlangoni pa wengine.
Mwaka ujao nitaisimamisha, alisema.
Mwaka ujao umekuja mara sita,
yeye alikuwepo mara tano.

Basi ni mimi na mifuko.
Mifuko ya mchele, ya sukari, miwili ya simenti,
nimeijaza udongo ule ule unaotaka kutuzika,
nikaifunga midomo kwa kamba,
nikaipanga nyuma ya jiko, nikaiambia:
kaeni.
Juu yake nimechomeka mabingobingo.
Mbuzi wa jirani ameshakula mawili.

Mlangoni nimeongeza komeo.
Mwizi anapenda usiku wa mvua,
mabati yanapiga kelele kwa niaba yake.
Nimetundika makopo ya nyanya kwenye waya wa ua,
halafu nikakumbuka: mvua nayo itayapiga.
Nimeyaacha. Kichwa changu kinayahitaji.

Cirhuza amechimba mfereji siku tatu.
Ana miaka kumi na miwili na mgongo wa baba yake.
Leo amemwaga ndoo moja, kuujaribu,
na maji yametii! Yamekata kona ya choo,
yamepita mbali na ukuta wetu,
yameteremka yakimeta, mtoto akipiga makofi,

hadi kizingitini pa Mama Nankafu.

Kuku wake ameruka.
Yeye ametoka, ametazama miguu yake,
akatazama juu, kwangu,
mimi niliyekuwa bado juu ya mabati na nyundo mkononi.
Hakusema neno.
Ameinua mbabula yake yenye moto,
ameihamishia upande wa pili,
akaingia ndani.

Ndoo moja tu ile.
Septemba haina ndoo.

Usiku nimegeuka kitandani kama chapati.
Komeo mbili, mifuko ishirini na sita,
na bado kitu kimeingia, kimekaa ukingoni mwa godoro,
kinaniuliza: usalama wako
umeujenga kwa mteremko wa nani?

Alfajiri nimeshuka na jembe.
Nimekuta Nankafu ameshaamka, ana jembe lake,
anapima udongo kwa hatua, kanga kiunoni.
Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi.
Ameyakata:
— Wa chini yangu anaitwa nani?
— Sijui.
— Miaka tisa nami sijui.

Tumeshuka wote wawili kugonga.

Anaitwa Murhula, fundi wa redio, mguu mmoja mfupi.
Wa chini yake ni wajane wawili, dada.
Wa chini yao alitufukuza,
kisha akatufuata na sururu, bado akinung'unika
kwamba maji ya watu wa juu yana kiburi kama wenyewe.

Sasa ni jioni. Majembe saba.
Mita thelathini zimebaki hadi mtaro wa barabara,
na katikati kuna jiwe lisilosikia mtu.
Juu ya ziwa wingu limesimama,
jeusi upande mmoja tu.
Cirhuza anasema ni moshi.
Hakuna aliyemjibu. Tunapiga jiwe.

Nimetia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha jasho,
nimekuta msumari. Mmoja. Na kofia yake.
Nimeinua macho hadi kwenye paa langu kule juu
na sikumbuki
ni wapi nilipopaswa kuupigilia.