Sababu ya Kurudi

Sweta tulilinunua Kongowea, mwezi wa pili,
siku ambayo lami ilikuwa ikishika viatu.
Sufu nzito, rangi ya moshi, shilingi mia na hamsini;
muuzaji alikuwa karibu atulipe tumwondolee.
Faki akalivaa pale pale, juu ya shati,
jasho likamchuruzika hadi kidevuni,
akawauliza wauza nyanya, "Je, nimependeza?"
Watoto wakamzunguka kama aliyepagawa.

Nyumbani nikasoma kibandiko cha shingoni:
limefumwa Uskochi, kwenye kisiwa ambacho jina lake
lina herufi nyingi kuliko watu.
Basi lilivuka bahari, likapita Kilindini,
labda yeye mwenyewe ndiye aliyelishusha,
miaka thelathini na moja juu ya winchi
akishusha mizigo ya dunia nzima,
na yeye hajavuka Mariakani.
"Tulirudishe kwao," akasema.
Nikadhani ni mzaha.

Sasa ramani imelala mezani, hapa Majengo,
imebanwa na birika upande mmoja, mahamri upande wa pili.
Kidole changu kinafuata pwani iliyotafunwa
kama leso iliyosahaulika na panya.
"Loki ni ziwa," namwambia. "Gleni ni bonde.
Beni ni mlima."
"Beni ni fundi wa friji, Tudor," anajibu,
na kumega hamri.

Nimesoma kwamba lugha ya kale ya majabali yale
imebaki vinywani mwa wachache,
na vibao vya barabarani huandikwa mara mbili
ili hata asiyeijua ajue ilikuwapo.
Nikamkumbuka bibi yangu Mwanakheri
aliyesema *nti*, na *mato*, na *ndia*,
na mjukuu wangu aliyeniuliza juzi
kama bibi alikuwa hana meno.
Nataka nisimame chini ya kibao kimoja,
nisome kwa sauti, nikosee.

Mashaka yapo.
Juni, huko, Magharibi inaingia saa nne na nusu usiku,
Alfajiri inabisha hodi Isha haijapoa;
Faki alichukua daftari apange usingizi, akashindwa.
Mvua ya kunyunyiza kila siku, haina masika wala vuli.
Na visubi. "Kwani mbu wetu wana kosa gani?"
Nauli ni zamu yangu ya chama, na zamu ya Bi Tima aliyenipisha,
na mkebe wa maziwa ya unga,
na pete moja ambayo sitaitaja hapa.

Lakini mlima wenyewe ni fomu.
Wanataka hati ya nyumba, barua ya pensheni,
benki ya miezi sita, senti kwa senti,
kisha wanauliza, kwa adabu zao:
ni nini kitakachokurudisha kwenu?

Faki akaandika, Pensheni.
Nikamwambia ongeza.
Kalamu ikabaki hewani.

Mfereji unaotoa maji Jumatano tu,
na lazima awepo mtu wa kuushika.
Deni la Kazungu muuza mkaa,
asiye na daftari ila kumbukumbu.
Kaburi la Nasoro wetu, Kikowani,
ambalo nyasi zake huzing'oa yeye, kwa mkono,
kila Ijumaa, mwaka wa tisa huu,
na hataki jembe, hataki msaidizi.

Fomu ilikuwa na mistari miwili.
Tukaandika: Nyumba na jamaa.

Usiku nikamkuta sebuleni, taa imewaka,
sweta limekunjwa mapajani, linanuka nafthalini.
"Siku kumi na mbili," akasema, "ni Ijumaa mbili."
Sikuwa na la kumjibu. Nikazima feni.

Asubuhi nikafungua daftari la safari.
Chini ya soksi, juu ya dawa ya presha,
kwa ule mwandiko wake wa kubonyeza sana:
Nyasi. Nimwombe Kazungu.
Nimlipe kwanza.