Tumia Kabla ya Machi 1983

Roli moja tu, foili haijachanika,
nyuma ya friji, baina ya samli na achari ya ndimu.
Studio ya Ami Muhenna ilifungwa zamani;
pale Ruwi alipowapiga watu picha za pasi na za bataka
kwa koti moja la kuazima, limening'inia msumarini,
leo wanauza vifuniko vya simu.
Koti silijui lilikokwenda. Roli ilibaki baridini,
nayo baridi ndiyo iliyoinusuru:
nje, Julai moja tu ingeipika.

Kila miaka kumi, walisema wajuao, zidisha mwanga mara mbili.
Nikahesabu kwa vidole: mbili, nne, nane, kumi na sita.
Filamu iliyozaliwa na macho ya paka
sasa inapapasa ukuta saa sita mchana,
inataka jua kali
na mtu wa kutulia.

Bi Shinuna akatulia.
Kiti cha plastiki, uani, chini ya tangi la maji,
leso mpya kichwani, mikono magotini
kama anayengoja kuitwa dirishani.
Kamera ya mumewe hutazami mbele; unainama,
unachungulia kama kisimani,
na huko chini kulia ni kushoto.
"Usipepese," nikamwambia.
"Niliambiwa hivyo siku ya pili ya harusi,"
akasema, midomo haitikisiki,
"na lenzi ilikuwa na kifuniko chake."

Dawa ya kusafishia haipatikani Maskati.
Muuzaji mmoja alinijibu: Dubai, wiki tatu.
Basi nikachanganya kahawa ya unga, ile ya bei ya chini,
magadi ya kufulia, vidonge vya vitamini vilivyopondwa,
na chumvi ya jikoni, chembe chache, kupunguza ukungu.
Taulo chini ya mlango wa choo. Taa zimezimwa.
Bomba la baridi lilitoa maji ya kuunguza,
maana tangi limeshinda juani;
huku kwetu wakati wa joto
maji baridi twayatafuta bomba la moto, hita imezimwa.
Hata hayo hayakutosha. Nikatia barafu.
"Kahawa gani hii," sauti ikaja nyuma ya mlango,
"haina hata iliki?"

Picha kumi na mbili. Nane ni kijivu kitupu,
kama Maskati siku ya vumbi, milima imefutika.
Na tusidanganyane: sura ya Ami haikutokea popote.
Roli ilikuwa mpya, haikuwahi kuona mtu.
Lakini karatasi nyeusi iliyoviringishwa nayo
ilikuwa imeikumbatia miaka arubaini na zaidi,
na wino wake ukahama.
Kila alipotokea Bi Shinuna
ikatokea namba pia, na vitone,
na katika ya saba, ile aliyogeuka
(mtu wa gesi alikuwa akipiga honi barabarani),
7 imekaa shavuni pake,
ya kiwandani, imenyooka, haina haya.

Nikamwonyesha ile safi, ya nne,
kila mkunjo wa leso unaonekana.
Akaipita.
Akaishika ya saba, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.
"Namba hii ya nani?"
"Ya karatasi."
"Karatasi ya nani?"
Sikuwa na la kusema.
Akaisugua kwa kidole gumba.
Haikufutika. Akafurahi.

Asubuhi nikamkuta jikoni,
mlango wa friji wazi, friji inalia,
samli, achari, ndimu zimepangwa sakafuni,
naye amezama ndani hadi mabegani,
anatafuta.