Mzizi Mbali, Jani Mbali

Bi Apolonija alishuka Kaunas na gunia linalochuruzika,
mabasi mawili kutoka Varėna, magoti yakimlilia,
akalitua juu ya meza yetu ya vioo
pasipo kuuliza kama panafaa.
"Ajeras," alisema. "Ya bwawani kwangu. Pimeni."

Ni tete la majini, jani refu kama upanga,
mzizi umetambaa topeni kama kidole chenye baridi yabisi,
mwekundu kwa nje, mweupe ukiukata,
na ukiukata, harufu inakutangulia kusema.

Mzizi mbali, jani mbali: ndiyo sheria.
Kila kimoja chupa yake, maji yake, moto wake.
Tulikeneka kwa muda wa saa nne. Mvuke ukapanda, ukapoa,
ukashuka umebeba kilichofichwa na mmea.
Mzizi ulitoa mafuta ya rangi ya chai hafifu,
yakakaa juu ya maji kama mgeni asiyevua viatu.
Jani lilitoa matone. Niliyahesabu: kumi na moja.

Mashine haina pua. Hilo nalipenda.
Hupokea tone, hulipuliza kwenye bomba jembamba kama unywele,
na kila kilichomo hutoka kwa zamu yake,
vyepesi mbele, vizito nyuma:
kafuri kidogo, linaloli, kisha kundi nisilolizoea,
kisha, dakika ya thelathini na moja, kilele
kilichopanda hadi Gintautas akaacha chai yake.
Asaroni. Beta. Kwenye mzizi, zaidi ya nusu.
Kwenye jani nacho kipo, kimeinama.

Mwenyewe alikuwa bado ukumbini, koti hajalivua.
"Nina swali moja tu.
Miaka arobaini nimeoka mkate mweusi juu ya majani haya,
kama mama, kama mama wa mama,
usishike majivu, unukie.
Liudvikas alikufa kwa ini. Februari.
Kijana wa duka la dawa kaniambia mmea huu una sumu."

Kikulacho, husemwa, ki nguoni mwako.
Yeye alihofia chake ki mkateni,
na mkono uliokikata vipande ni wake.

Niseme nini? Karatasi yangu inajua asilimia.
Haijui tanuri, haijui ini la mtu,
wala zile chupa za ghalani alizoanza kuzitaja
kisha akameza maneno.
Nilichukua kalamu. Nikagawa matone kwa majani,
majani kwa mikate, mikate kwa miaka,
nikatoa kinachopaa motoni, nikapata namba
ndogo hata nikaikokotoa upya.
"Ni kidogo sana," nilimwambia.
"Kidogo ni hapana?"
Kemia haina hapana. Ina kidogo.

Asilimia tatu na nusu mashine haikuitambua.
Msiniletee hapa habari za mapenzi ya bibi:
ni molekuli tusizokuwa nazo kwenye kumbukumbu zetu, basi,
mwakani tukipata fedha tutazijua majina.

Alituachia mkate, umefungwa kwa kitambaa cha kitani.
Gintautas alisita, akala. Mimi niliugeuza kwanza.
Chini, mishipa ya jani ilikuwa imejichapa,
sambamba, kama mistari ya daftari jipya.
Nikauleta puani. Dakika ya thelathini na moja
sikuisikia.
Nilisikia njaa.