Nusu Kilo

Wenzangu, taarifa ya mwezi huu ni fupi.
Umeme wa Arua umewaka saa nne katika siku tatu,
nami naandika betri ikiwa kumi na tisa.

Tumeongezeka. Mwaka jana tulikuwa wawili,
mimi na Onzima, na kompyuta moja isiyo na herufi m,
tukiandika programu iitwayo Mizani
kwa kunakili m ya watu na kuibandika.
Leo tuko kumi na mmoja. Hata m tunayo.

Sasa habari yenyewe.
Ayikoru wa Vurra, mkulima wa karanga,
hajui kompyuta, anajua gunia lake.
Alinijia kibandani ninapotengeneza simu,
akafungua daftari:
"Sitini na mbili na nusu. Simu yenu inasema sitini na mbili.
Magunia arobaini, kila moja limepungua nusu.
Kilo zangu ishirini kala nani?"

Nikaapa kuwa programu haili.
Usiku nikaufungua msimbo, mstari wa mia mbili na kumi na nne:
nilikata desimali mwenyewe,
kwa kuwa kioo cha simu ni chembamba
na tarakimu ndefu zilinikera.
Mwizi ni mimi,
na sikupata hata punje.

Onzima alisema, rekebisha kimya kimya, nani atajua?
Lakini tulianza kwa hasira, mnakumbuka,
hasira ya mizani ya wanunuzi, ile yenye jiwe chini ya sahani,
iliyopigwa risasi ya muhuri asiipindue mtu.
Tukasema yetu itapinduliwa.
Haya, nimeandika kosa palepale kila mtu anaposoma.
Ipindueni.

Kabla sijanunua bando, kiraka kilikuwa kimeshafika
kutoka Moroto, kwa Lokiru, ambaye sura yake siijui.
Mistari saba na maelezo haya:
"Huku tunapima ndama.
Nusu kilo ya ndama ni wiki nzima ya majani."
Kabugho wa Kasese akakikagua, akakikataa,
akakikataa tena kwa ajili ya koma moja,
mara ya tatu akaandika: haya.
Sijawahi kuona neno fupi likinipa usingizi namna ile.

Onzima ametuaga. Amepata kazi Kampala,
kwenye kampuni ambayo milango yake hufunguka kwa kadi,
na msimbo wake sasa unalala ndani, haupokei wageni.
Msimseme. Karo hailipwi kwa shukrani.
Ufunguo wa hazina kamwachia Zamzam,
anayetafsiri Mizani kwa Kilugbara na Kinubi.
Amekwama kwenye "desimali."
Mama yake, fundi cherehani, kampa neno la makombo,
yale yanayobaki mezani watu wakishiba.
Tumelipokea.

Anahitajika mwenye pikipiki na fulashi
wa kupeleka toleo jipya Terego,
ambako mtandao haupatikani
mpaka upande juu ya kichuguu.

Jumamosi nilikwenda Vurra.
Ayikoru akapima. Sitini na mbili, nukta, tano.
Hakunishukuru.
Aliigeuza simu, akaukagua mgongo wake
kama mtu achunguzaye chini ya sahani,
kisha akaniuliza: "Na zile ishirini?"

Tumechanga. Onzima alituma fungu lake
kabla ya mshahara wake wa kwanza.
Wakulima wengine tuliowala bado nawahesabu,
daftari kwa daftari, na leo nimefika la tisa.
Mwenye subira na macho mazuri aje anisaidie;
malipo ni karanga.

Betri inasema mbili.
Huenda ni mbili na nusu.